TAHADHARI: Tiketi za Hypogeum (makaburi ya kale ya chini ya ardhi), Malta. Nimepigwa euro 140 mchana kweupe

Jamani, nimelizwa. Euro 140, pale kwenye chemchemi ya Triton, nje ya lango la mji mkuu, Valletta. Mimi! Mimi niliyemcheka shemeji kwa kuuziwa simu ya sabuni Kariakoo. Shemeji, nisamehe.

Ilibidi shangazi aione Hypogeum wiki ile ile. Mtandaoni tiketi zimekwisha, maana kule chini wanaingiza watu 10 tu kwa saa, pumzi zetu zisije zikaharibu michoro myekundu ya kale. Nimesimama nasononeka, akaja kijana: shati jeupe limenyooshwa pasi, kitambulisho shingoni. Anazo mbili za kesho saa nne asubuhi, eti wateja wake wameahirisha.

Nikatoa noti za kumi kumi. Akazihesabu kwa Kimalta, kwa sauti: "...ħamsa, sitta, sebgħa..." Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi. Hamsa, sita, saba! Akamwita yule kijana "mwanangu". Sasa mtu anayehesabu kama bibi yako, utamshuku vipi? (Najua, najua, ni Kiarabu tu, wao na sisi tumechota kisima kimoja.)

Kesho yake tukaenda Paola, mji iliko Hypogeum. Mlango wenyewe uko mtaani kama wa nyumba ya mtu, unaweza kuupita. Shangazi kavaa kitenge chake kipya. Dada wa mapokezi akapitisha karatasi kwenye mashine: nyekundu. Akarudia: nyekundu. "Hii si ya kwetu." Nyuma yetu watu wanajisogeza, wenye tiketi zao halali, wanatutazama. Shangazi akasema tu, "Basi, twende tukale." Tukala pastizzi (sambusa zao) za njegere, kimya.

Yule kijana hakuuliza majina yetu. Kadi hataki. Na tiketi za dakika za mwisho, nimekuja kuambiwa baadaye, Heritage Malta, wasimamizi wa Hypogeum, wanaziuza wenyewe kwenye ngome ya St Elmo, mwendo wa miguu kutoka pale pale nilipolizwa, tena ni za saa sita mchana na saa kumi jioni. Saa nne haimo!

Polisi nimeshaandikisha. Ila faini haimtoshi yule mwizi. Kule chini walizikwa watu wapatao 7,000. Afungiwe humo usiku mmoja, taa zizimwe, awahesabie na wao: sitta, sebgħa.