Fomu za Google katika Kura ya Mwanafunzi Maarufu kati ya Vyuo Viwili

Kwa miaka miwili mfululizo nilikuwa katika kamati iliyosimamia shindano la mwanafunzi maarufu kati ya chuo chetu na chuo jirani hapa Dar es Salaam. Mwaka wa kwanza tulitumia huduma ya kulipia ya kupigia kura mtandaoni, ambayo sitaitaja jina, na mwaka wa pili tukahamia Fomu za Google (Google Forms), huduma ya kutengeneza dodoso za kujibiwa mtandaoni. Tathmini hii naiandika kwa ajili ya kamati za vyuo vingine, kwa sababu chombo cha kupigia kura ndicho kinachoamua kama mtashindanisha wanafunzi au mifuko yao.

Huduma ile ya kulipia ilikuwa na mvuto wake. Picha za washiriki zilionekana vizuri hata kwenye simu ndogo, na malipo kwa pesa za simu hayakusumbua. Lakini kila kura iliuzwa shilingi 200, na mtu aliruhusiwa kununua kura nyingi kadiri alivyotaka. Posho ya chakula na malazi kwa wanufaika wa Bodi ya Mikopo ilipandishwa mwaka wa masomo 2022/2023 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, kwa hiyo kura 50 ni siku nzima ya mwanafunzi kula na kulala.

Usiku wa mwisho tulikaa wanne katika chumba cha hosteli, tumeizunguka kompyuta moja. Hadi saa sita kasoro dakika tano mshiriki wetu alikuwa anaongoza. Ghafla mpinzani wake akaongezeka kura zaidi ya elfu moja kwa mpigo, na kabla hatujapata la kusema muda ukaisha. Picha za skrini zikaanza kurushwa katika makundi ya WhatsApp, wale wakituita maskini na sisi tukiwaita wezi, ilhali Jumamosi iliyotangulia tulikuwa tumecheza nao mpira. Kesho yake binti wa mwaka wa kwanza alinifuata kantini, akanionyesha ujumbe wa muamala wa shilingi 12,000 kwa kura 60, akauliza: "Kaka, sasa hii hela inarudi?" Haikurudi, na sikuwa na jibu la kumpa. Tangu siku hiyo nilikataa kabisa kushiriki shindano lolote la kura za kununua.

Mwaka uliofuata tulipitia njia nyingine. Kura za mtandao wa X (zamani Twitter) tuliziacha mapema, kwa kuwa zina machaguo manne tu na mtu yeyote mwenye akaunti, awe mwanafunzi au asiwe, anaweza kupiga. Kura za WhatsApp zinaruhusu machaguo hadi 12, ila kila mwanakundi anaona nani amempigia nani, na kwa watu wanaolala chumba kimoja hilo ni kualika ugomvi.

Fomu za Google ni za bure, na uzuri wake mkubwa umo katika mipangilio ambayo wengi hawaifungui. Fomu ikitengenezwa kwa akaunti ya chuo kinachotumia huduma za Google, unaweza kuifunga ili ijibiwe na wenye barua pepe za chuo hicho peke yao, na kila mmoja ajibu mara moja tu. Majina ya washiriki nayo yanaweza kuchanganywa, ili wa juu asipate kura kwa sababu tu ametangulia. Mkifungua fomu kwa Gmail ya kawaida, sharti la jibu moja linabaki, ila mwenye akaunti tatu anaweza kupiga kura tatu. Ulinzi wote, basi, umo katika barua pepe ya chuo.

Hilo si jambo geni katika historia ya mitandao. Oktoba 2003 Mark Zuckerberg, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili Harvard, alifungua Facemash, tovuti iliyoweka picha za wanafunzi mbili mbili ili watu wachague anayependeza zaidi. Picha zilichukuliwa bila ridhaa ya wenyewe, wanafunzi wakalalamika, na tovuti ikafungwa baada ya siku chache. Tarehe 4 Februari 2004 alipoanzisha Thefacebook, ambayo leo ni Facebook, mlango wa kuingilia ukawa barua pepe ya Harvard, na kila mtu aliweka picha yake mwenyewe. Nasi tulifuata masharti hayo mawili: mpiga kura athibitishwe na chuo, na kila mshiriki asaini karatasi ya kukubali kabla jina lake halijaingizwa.

Kwa kuwa fomu iliyofungwa kwa chuo kimoja haifunguki kwa wanafunzi wa chuo kingine, tulitengeneza mbili, na hapo tukapata faida ambayo hatukuitarajia. Chuo jirani kina wanafunzi wengi kuliko sisi, hivyo kujumlisha kura moja kwa moja kungetumeza. Tulichukua asilimia ya kila mshiriki katika kila chuo, kisha tukatafuta wastani wa asilimia hizo mbili. Kila upande uliwapendelea watu wake, kama ilivyotegemewa, na mshindi akawa yule aliyependwa pia ng'ambo: dada wa chuo jirani ambaye wanafunzi wetu walimfahamu kupitia masomo ya ziada ya takwimu aliyokuwa akiwafundisha jioni. Matokeo tuliyaficha hadi mwisho kwa kuzima muhtasari unaoonekana kwa wapiga kura, kwa hiyo hakukuwa na namba za kurushiana katika makundi.

Upungufu upo. Mwenye simu ya kitochi anabaki nje, na tulilazimika kuweka kompyuta mbili maktaba kwa ajili yake. Ukurasa wa fomu hauna mvuto wa ule wa kulipia, na wapo washiriki waliolalamika kwamba picha zao hazikupendeza. Kazi kubwa zaidi ilikuwa nywila: wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza hawakuwahi kuifungua barua pepe ya chuo tangu wapewe, na foleni katika ofisi ya TEHAMA ilifika hadi ngazini. Kamati itakayoanza leo ipange na ofisi hiyo wiki mbili kabla ya kura, na tangazo libandikwe bwenini, kwa sababu barua ya kuwakumbusha ukiituma kwenye anwani ileile ambayo hawaifungui, haitasomwa.