Uzoefu wangu: breki ya kurudisha umeme kwenye miteremko ya Bukavu

Ninatumia pikipiki ya umeme mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, kubebea abiria na mizigo kati ya Kadutu, Nyawera na Panzi, na niliinunua hasa kwa sababu ya breki yake inayorudisha umeme kwenye betri. Muuzaji aliniahidi kwamba katika mji wa milima kama wetu itajichaji yenyewe kila ninaposhuka. Kwa kuwa nimeshaitumia wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, naweza kusema kwa uhakika kwamba breki hiyo ni nzuri sana, lakini si kwa sababu aliyonitajia.

Nikiachia mkono wa kuongezea mwendo, mota iliyokuwa inazungusha gurudumu la nyuma huanza kuzungushwa nalo, ikawa jenereta; umeme unaozaliwa hurudi kwenye betri, na ule ugumu wa kuzungusha mota ndio unaopunguza mwendo. Ampea (kipimo cha mkondo wa umeme) zinazoonyeshwa karibu na usukani huwekewa alama ya kutoa, yaani umeme unarudi kwenye betri, naye abiria huhisi tunazuiliwa taratibu bila kusukumwa mgongoni mwangu.

Betri yangu ni ya volti 72 na ampea-saa 40, yaani inahifadhi umeme wa wati-saa 2,880 hivi. Pikipiki, mimi na abiria tukiwa na kilo 250 kwa pamoja, tukishuka kimo cha mita 100, nguvu yote iliyomo katika mshuko huo ni takriban wati-saa 68, haifiki asilimia 2.5 ya betri, na bado sehemu yake hupotelea kwenye matairi, upepo na joto la mota. Kupanda tena mlima huohuo kunakula zaidi ya hapo. Kwa hiyo anayedhani ataacha kuchaji nyumbani asinunue kwa tumaini hilo.

Kwenye treni za umeme, ambako breki za namna hii zimetumika kwa miaka mingi, hesabu ni nyingine kabisa. Treni ya tani 400 inayokwenda kilomita 160 kwa saa imebeba karibu kilowati-saa 110 katika mwendo wake, na haihitaji betri ya kuzihifadhi, kwa kuwa umeme hurudi kwenye waya wa juu na kutumiwa papo hapo na treni nyingine. Treni za madini zinazotoka Kiruna, Uswidi, zikishuka zimejaa kuelekea bandari ya Narvik, Norwe, huzalisha umeme unaosaidia kuzipandisha zile zinazorudi tupu. Asipopatikana wa kuupokea, umeme huo hugeuzwa joto na kupotea. Ningependa sana wahandisi wetu walifikirie jambo hili kwa ajili ya reli ya Katanga, kusini mwa nchi yetu, ambayo ilianza kuwekewa nyaya za umeme miaka ya 1950.

Faida ninayoiona mimi iko kwenye breki zenyewe. Kushuka kutoka Cimpunda na gunia la makaa nyuma, kwa pikipiki ya mafuta, kulikuwa kunaacha harufu ya pedi za breki zilizoungua. Sasa mota inashika sehemu kubwa ya kazi, na pedi hudumu muda mrefu zaidi.

Kuna hatari moja ambayo kila mkazi wa mlimani anapaswa kuijua. Betri iliyojaa kabisa haina nafasi ya kupokea umeme, hivyo mfumo hujizima, na asubuhi, ikiwa imetoka kuchajiwa, pikipiki huteremka bila kushikwa na mota. Mimi huchomoa chaja ikifika asilimia 90. Kwenye matope pia nguvu ya mota ya kuzuia mwendo ikiwekwa juu mno gurudumu la nyuma huteleza, na karibu na kusimama haishiki tena, kwa hiyo breki za kawaida lazima ziwe nzima daima.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama nguvu ya breki hiyo inaweza kupunguzwa na kuongezwa, kisha uijaribu mteremkoni, betri ikiwa haijajaa.