Stoo ya asiyekula nyama wala maziwa: cha kununua kwanza Dar, na cha kuacha rafuni

Anayeacha nyama, samaki, mayai na maziwa hapa Dar, mara nyingi safari yake ya kwanza ni supamaketi. Anarudi na maziwa ya lozi ya pakiti na soseji za mimea zilizosafirishwa kutoka nje, mwisho wa mwezi hesabu inagoma, halafu tunamwona tena kwenye mishikaki. Uamuzi wake ulikuwa sawa, duka ndilo lilikuwa silo. Watu wa mwambao huu wamekula mbaazi za nazi, kisamvu cha karanga na choroko miaka nenda rudi bila kuhitaji pakiti iliyoandikwa kwamba ni chakula cha mimea. Anza na Tandale kwa nafaka, Kisutu kwa maduka ya Wahindi, na Mangi, yule mwenye duka la mtaani kwako, kwa vya kumalizia.

Orodha hii nimeipanga kwa vigezo vitatu: protini unayopata kwa hela yako, gesi au mkaa utakaoteketea mpaka chakula kiive, na muda ambao kitu kitakaa kwenye joto na unyevu wa Dar kabla ya fukusi kukitangulia. Bei sitaji, maana Ramadhani inapanda, na mavuno ya Nyanda za Juu Kusini yakianza kuingia katikati ya mwaka inashuka. Ulizia maduka matatu, na uliza bei ya kilo kwenye mizani. Sado, lile kopo la kupimia nafaka, inategemea mkono wa anayejaza.

Kundi la kwanza: maharage na ndugu zake

Pesa yako nyingi iende hapa. Gramu 100 za maharage, choroko, kunde au mbaazi kavu zina protini kama gramu 20 hadi 25. Mchele una 7 tu. Tena kilo moja kavu ikiiva inakuwa zaidi ya kilo mbili sufuriani, kwa hiyo usitishwe na bei ya kilo.

Namba moja naipa choroko, na najua watu wa maharage watanuna. Choroko hazihitaji kulowekwa. Umerudi saa moja jioni kutoka kwenye foleni ya Mandela, unazichambua, unazibandika, unakatakata kitunguu na nyanya, na kabla ya saa mbili mnakula. Zilizopaazwa na kutolewa maganda zinaiva upesi zaidi. Mangi yeyote anazo. Kasoro yake moja ni kwamba fukusi wanazipenda kuliko sisi, kwa hiyo chukua kilo mbili ziishe, kisha ukachukue nyingine. Gunia la choroko kwenye nyumba ya watu wawili ni kufuga wadudu.

Namba mbili ni maharage, na hapa aina ina maana kubwa. Ukiyaona maharage ya kablanketi, yale madogo yenye rangi ya zambarau na mabaka, usiyapite: yanaiva haraka na mchuzi wake unakuwa mzito bila kuongezwa kitu. Yanayofuata kwangu ni ya njano. Sokoni wengi huyaita maharage ya soya, lakini ni maharage ya kawaida. Kama unatafuta soya yenyewe kwa ajili ya maziwa au uji, sema wazi, la sivyo utabebeshwa kilo tano za njano. Mekundu makubwa yanapendeza kwenye sahani ila yanakula gesi.

Kuchagua maharage kuna utaratibu wake. Muuzaji atakwambia, "Bosi wangu, mzigo mpya huu, umeshuka jana." Muitikie kwa heshima, kisha zamisha mkono ndani ya gunia, usiishie juu. Mkono ukitoka na vumbi jeupe kama unga, fukusi wameshahamia. Angalia punje: zenye vitundu weka chini, zilizofifia rangi na kukunjamana ni za msimu uliopita au zaidi. Maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto yanakuwa sugu, unaweza kuyachemsha asubuhi nzima na bado yakakugomea. Kisha bana punje kwa meno. Ikibonyea, bado ina maji na itavunda ndani ya ndoo. Ukiwa na mashaka, chukua robo kilo ukapike, ukiridhika ndipo urudi kuchukua mzigo. Na usikubali kufungiwa bila kuona: mawe huwa mengi chini ya gunia.

Yaloweke usiku, yamwage maji, yapike kwa maji mapya. Magadi yanalainisha kweli, lakini yanapunguza vitamini B1, basi yaache kwa maharage sugu tu.

Namba tatu ni mbaazi. Kwa utamu ningezipa ya kwanza, maana mbaazi za nazi asubuhi hazina mpinzani, ila kavu zinachukua muda jikoni. Ni chakula cha Jumapili, au cha mwenye sufuria ya presha. Nyingi zinatoka Lindi na Mtwara, na bei yake inaamuliwa zaidi na India kuliko na sisi. Mwaka 2017 India ilipobana uagizaji, bei ya mkulima iliporomoka vibaya. Ukisikia soko la India limefungwa, ndio wakati wa mlaji wa Dar kujaza ndoo.

Dengu zinashika nafasi ya nne, na nusu ya sifa zake zipo kwenye unga. Unga wa dengu, maji, chumvi, binzari, kitunguu na pilipili hoho, ukimimina kwenye kikaango chenye mafuta kidogo unapata kitu kinachokaa pahali pa kimanda bila yai hata moja. Nunua Kisutu, ambako unga hauchelewi dukani. Unga wa zamani una uchungu, na hakuna kiungo cha kuuficha.

Ya tano ni nyama ya soya, vile vipande vikavu vinavyouzwa kwa kilo kutoka kwenye viroba. Kwa protini inazipiku zote, karibu nusu ya uzito wake. Inakaa miezi. Mbona ya tano? Haina ladha, na wengi huipika vibaya. Iloweke kwenye maji moto yenye chumvi, ikamue mpaka maji yatoke yote, kisha ikaange na tangawizi, kitunguu saumu na limau kabla ya kuitia kwenye rosti. Usipoikamua utakula sponji.

Kunde, fiwi na njugu mawe ni za kubadilisha mdomo. Nunua nusu nusu kilo. Kunde zibakie kwa ajili ya bajia.

Kundi la pili: vya kuunga

Nazi nzima inashinda tui la pakiti kwa ladha na kwa bei. Chagua iliyo nzito, itikise usikie maji, kisha tazama macho yake matatu: yakiwa na unyevunyevu au ukungu, iache. Nunua tatu nne kwa pamoja, zikune zote siku moja, tui zito likae kwenye friza katika vikopo vya mlo mmoja mmoja. Tui la kopo liwepo moja la dharura. Nazi iliyokwisha kukunwa sokoni ninaiweka mwisho, kwa kuwa inachacha upesi kwenye joto letu na hujui imekunwa saa ngapi.

Karanga zinahitaji umakini kuliko kitu chochote kwenye orodha hii. Adui ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Kuchemsha au kukaanga hakuiondoi. Kwa hiyo nunua karanga nzima, chambua mwenyewe, tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizovunjika. Karanga zilizosagwa tayari na kupimwa kwenye vifuko bila jina la mtengenezaji mimi sinunui, hata ziwe rahisi vipi. Punje mbovu zikishasagwa huzioni tena.

Korosho ulizia vipande. Zilizovunjika zinauzwa chini ya nzima, na ukiziloweka na kuzisaga zinatoa krimu nzuri ya mchuzi. Ufuta usiokobolewa ni wa kununua pia, kwa sababu ukishaacha maziwa na dagaa, madini ya kalisi yanakuwa ya kutafutwa. Kaanga kidogo, twanga, nyunyiza kwenye mchicha. Mafuta ya kupikia: alizeti ya Singida au Dodoma, dumu la lita tano, basi.

Wanga, kwa kifupi

Hapa hakuna anayehitaji kufundishwa. Mchele wa Kyela kwa harufu, wa Kahama au Morogoro kwa kila siku. Dona lina virutubishi kuliko sembe, lakini kiini cha mahindi kina mafuta, kwa hiyo linaharibika mapema: nunua la wiki mbili tu. Viazi vitamu, mihogo na ndizi havihifadhiki, vifuate Mabibo au Ilala kila wiki pamoja na mboga za majani.

Onyo moja: unga wa lishe. Nyingi huchanganywa dagaa au maziwa ya unga, hasa inayosagwa kwa ajili ya watoto. Uliza kabla ya kupimiwa.

Duka la dawa nalo limo kwenye orodha

Vitamini B12 haipatikani kwa uhakika kwenye mmea wowote. Si kwenye mchicha, si kwenye uyoga, si kwenye mlonge, hata yule muuza unga wa mlonge wa kwenye daladala aape vipi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku. Mwili una akiba kwenye ini inayoweza kukaa miaka, ndiyo maana mtu anajisifu mwaka mzima kwamba hana tatizo, kisha inakuja ganzi ya miguu na upungufu wa damu. Nunua vidonge vya B12, na kwenye vile vya mchanganyiko wa vitamini B soma kiasi cha B12 kilichomo, usiishie kwenye jina. Baadhi ya unga wa viwandani umeongezewa virutubishi, pakiti itakuambia. Mjamzito na anayenyonyesha aongee na kliniki kwanza.

Chumvi iwe yenye madini joto, kwa kuwa samaki wa baharini hawapo tena mezani. Na limau zisikosekane: zikikamuliwa juu ya maharage zinausaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai ya rangi inafanya kinyume, isubiri saa moja baada ya mlo. Najua hili litawauma wengi.

Vinavyoingia kwa mlango wa nyuma

Chapati za kununua zinaweza kuwa na samli au yai. Maandazi mara nyingi yana maziwa, na mikate ya siagi au maziwa inajitaja yenyewe. Siagi ya mimea nayo isomwe, baadhi zina maziwa ya unga. Viungo vya mchuzi vya pakiti vyenye picha ya ng'ombe au kuku, acha. Nunua pilipili manga, bizari, iliki na mdalasini kwa kupima, ni nafuu na unajua unachokula. Kwa mama ntilie swali si "kuna mboga?", maana atakujibu ipo, na kisamvu kitakuja na dagaa ndani. Muulize, "Mama, hii umeiunga na nini?" Kwenye mikahawa ya mboga ya Wahindi nyama haimo, lakini samli na mtindi vimo, waambie mapema.

Wa mwisho kwenye orodha

Maziwa ya mimea ya pakiti, jibini isiyo na maziwa na soseji za mimea. Sisemi ni vibaya. Ni ghali, na protini ya maziwa ya lozi ni ndogo mno kuliko ya soya. Tofu ni tofauti kidogo: ukiipata mbichi kwenye maduka ya Wachina inafaa, ila iliwe siku hiyohiyo au kesho yake.

Kuhifadhi: ndoo za plastiki zenye mfuniko unaobana, zikae juu ya ubao, mbali na ukuta. Kabla ya kufunga, anika nafaka juani na uziache zipoe, la sivyo jasho lake litaleta ukungu. Mwenye friza aweke maharage na choroko humo siku tatu nne kwanza, mayai ya fukusi yanakufa. Dawa ya kuhifadhia nafaka usiitie kwenye chakula cha nyumbani cha mwezi mmoja.

Kwa watu wawili wanaoanza, mwezi wa kwanza ungekuwa hivi: choroko kilo 2, maharage kilo 3, mbaazi au dengu kilo 1, nyama ya soya nusu kilo, karanga kilo 1, ufuta robo, mchele kilo 8, dona kilo 5 kwa awamu, alizeti, chumvi, vidonge vya B12. Nazi na mboga za majani kila wiki. Kikibaki chochote mfukoni, kitunze cha kununulia sufuria ya presha kabla hujayagusa hayo maziwa ya lozi.