Fundi alininolea chenso vizuri kuliko wote, kumbe ameing'oa breki

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa nikisema ngoja nitulie kwanza ndio niandike, sijatulia, kwa hiyo naandika hivi hivi. Ni kuhusu fundi niliyempelekea chenso yangu (wengine mnaiita pawa soo, ni ule ule msumeno wa mnyororo wa kukatia miti). Mambo ya ukubwa wa injini na urefu wa bapa (ule upanga wa chuma ambao mnyororo unauzunguka) sitayagusa, yameandikwa kwenye boksi. Nataka kuongelea kitu kimoja tu, breki.

Nilimpelekea kazi mbili. Anoe mnyororo, na aangalie sailensa kwa sababu ilikuwa juu, yaani mashine imeachwa tu inaguruma hujabonyeza mafuta lakini mnyororo unajizungusha wenyewe, na hiyo ni hatari, ikiwa sailensa mnyororo unatakiwa usimame kabisa. Basi. Breki sikuitaja hata kwa bahati mbaya.

Siku nilipoenda kuichukua nilifurahi, lazima niseme. Nilimkuta ameshaiwasha, akavuta gogo lililokuwa pale nje akalikata mbele yangu na bapa likazama lenyewe, na kilichotoka hakikuwa unga, ni maranda marefu marefu, na anayetumia chenso anajua hiyo ndiyo dalili, ukiona inatoa unga ujue meno yameisha, unasukuma kwa nguvu zako badala ya mnyororo kujivuta wenyewe ndani ya mti. Mkato ukanyooka pia. Mnyororo ambao meno ya upande mmoja ni mafupi kuliko ya upande wa pili unakata kwa kupinda, huu haukupinda hata kidogo. Sailensa imetulia. Nikasema huyu mtu ana mkono jamani. Nikamlipa, nikamshukuru, nikaondoka na nyota tano zangu tayari.

Kuna kitu nilikihisi nikakipuuza. Kile kikinga kilicho mbele ya mkono wa kushoto, ambacho ukikisukuma mbele kinafunga breki, kilikuwa kinasogea laini mno, hakina ule mlio wake wa kukaza. Nikadhani amekipaka grisi. Ningetakiwa kuijaribu breki pale pale mbele yake, sikufanya, hilo ni kosa langu na nalikubali.

Kama kesho yake au keshokutwa hivi nikaenda kwenye mti ulioangushwa na upepo, gogo limelala ncha zote mbili zimeegemea, katikati pako wazi. Nikaweka chenso chini, mguu wa kulia ndani ya mpini wa nyuma, mkono wa kushoto umenyooka kwenye mpini wa mbele, breki mbele, nikavuta kamba. Mimi siwashi ikiwa inaning'inia hewani kama ninavyoona watu wanafanya, mkono mmoja chenso mkono mwingine kamba, hapana. Ikashika. Na mashine baridi ikishika inaanza kwa mwendo wa juu, mafuta yamefunguka nusu, kwa hiyo mnyororo unataka kukimbia na kinachouzuia ni breki peke yake. Sasa mnyororo ukakimbia. Breki nimefunga kwa mkono wangu na mnyororo unakimbia, unarusha udongo na majani, buti langu liko pale pale. Nilizima kwa swichi nikabaki nimeshika ule mpini sijui kwa muda gani.

Nikafungua kifuniko cha pembeni. Ule mkanda mwembamba wa chuma unaokumbatia ngoma ya klachi, ile inayozungusha mnyororo, ambao ndio breki yenyewe, haupo. Springi yake haipo. Kikinga kimebaki pambo.

Wengine mtasema ninakuza mambo. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa napunguza matawi, ncha ya bapa ikagusa tawi jingine lililojificha nyuma ya lile nililokuwa nalikata. Ile robo ya juu ya ncha ndiyo mbaya, meno yakigusa kitu pale hayakati, yanajisukuma, na msumeno mzima unaruka juu na kukurudia mwenyewe. Mimi sikuona kitu. Nilisikia tu, mkono ukapinda, kifundo kikagonga kikinga, kimya. Mnyororo uliposimama ncha ilikuwa usawa wa bega langu. Mnyororo ukiwa mwendo kamili unapita mita 20 kwa sekunde, hakuna binadamu anayekwepa hiyo kwa wepesi, nilichokuwa nacho siku ile ni mikono miwili imeshika, dole gumba la kushoto limezunguka chini ya mpini, nimesimama kushoto kidogo ya mstari wa bapa na sio nyuma yake, na ule mkanda. Ule mkanda huyu bwana ameung'oa.

Nikarudi kwake siku hiyo hiyo. Nilikuwa bado na koti la kazi na zile suruali zenye nyuzi ndani, zile ambazo mnyororo ukizigusa nyuzi zinachomoka na kuizonga gia mpaka inakwama. Nikamwambia fundi, breki iko wapi. Hata hakuinua kichwa.

"Ilikuwa inashikashika, nimeitoa. Nimekusaidia."

Nikamwambia sikukuomba. Akasema, "Dada, wakataji wote huko porini hawana hiyo kitu na wanakata kutwa nzima." Nikamwambia hao sio mimi, nirudishie mkanda wangu. Ndio akainua kichwa, akaniangalia, akasema, "Mpigie mwenye chenso nizungumze naye."

Mwenye chenso ni mimi. Nilimpelekea mimi, nimelipa mimi, jina kwenye kile kikaratasi chake ni langu. Nikamwambia hivyo. Akacheka, sio na mimi, alinicheka mimi akimwangalia jamaa aliyekuwa amekaa pale, halafu akasema kama naogopa msumeno nikashike panga. Jamani. Nimekata miti kwa miaka mingi, najua kuweka mkato wa mbele, ule wa upande mti utakakoangukia, usizidi theluthi ya unene wa mti, najua kuacha bawaba, ile sehemu usiyoikata inayoshika mti wakati unaanguka, kama sehemu moja ya kumi ya unene, najua kufyeka njia ya kukimbilia nyuma kwa mshazari kabla sijawasha mashine, na mtu ananiambia nikashike panga kwa sababu nimeuliza breki yangu!

Sikupiga kelele. Nilisimama nikasema siondoki.

Kijana wake, yule anayejifunza kazi, akaniambia kwa sauti ya chini subiri dada naitafuta. Wakati anatafuta nikainua chenso kwenye mwanga nikauangalia mnyororo vizuri kwa mara ya kwanza. Meno safi, pembe moja, urefu sawa, hapo sina la kusema, kazi ya tupa ya huyu mtu ni nzuri na sitamdhulumu. Lakini vile vinundu vinavyokaa mbele ya kila jino amevisaga vyote na grenda mpaka chini. Vile sio urembo. Ndivyo vinavyoamua jino liingie kiasi gani ndani ya mti, kwenye minyororo mingi kinundu kinatakiwa kiwe chini ya jino kwa kama milimita 0.65 tu, ukivisaga kila jino linang'ata zaidi ya uwezo wake, msumeno unadunda, injini inakaba, na ncha ikigusa kitu inarusha vibaya zaidi. Ndio maana bapa lilizama vile kwenye gogo lake. Kile kilichonipa furaha mpaka nikataka kumsifia ndicho kilikuwa ubovu wenyewe. Na hakirudi, kinundu kikishasagwa kimesagwa, labda unoe meno mpaka yashuke yakifuate na huko ni kumaliza mnyororo. Huu wangu nimeutupa. Ulikuwa na nusu ya maisha yake bado. Hela aligoma kurudisha, akasema kunoa amenoa.

Na upande wake upo, siufichi. Mkanda ulipopatikana kweli ulikuwa umeganda utomvu na mafuta na vumbi la mbao, na ni kweli breki inayoshikashika inachoma klachi, na mimi nilikuwa sijafungua kile kifuniko kusafisha kwa muda mrefu. Kwa hiyo tatizo aliliona. Fundi aliyeliona tatizo hilo na kunipigia simu kuniambia dada breki yako chafu, ningempa nyota tano na maua. Dawa yake ni brashi na kitambaa. Mimi na yule kijana tuliisafisha na kuirudisha haikufika hata robo saa, mwenyewe amekaa pembeni anapiga stori.

Kwa hiyo nilitaka kutoa nyota mbili. Moja ya sailensa, moja ya huyo kijana, ambaye alinishikia taa, akaniuliza kwa nini kile kikinga kina maana, nikamweleza, akasikiliza. Natamani akajifunze kwa mtu mwingine.

Nimenunua mnyororo mpya, nimeijaribu breki mnyororo ukiwa umevalishwa, chenso chini nimeishika mikono miwili, nikabonyeza mafuta kidogo nikasukuma kikinga kwa kifundo bila kuachia mpini, ikasimama papo hapo. Lile gogo nimelimaliza siku nyingine. Lilivyolala ncha zote mbili zimeegemea, juu linajibana na chini linavutika, kwa hiyo unaanza juu theluthi moja tu halafu unamalizia kutokea chini, ukilazimisha kutokea juu mpaka mwisho linafumba na kuuma bapa lako. Niliweka na kabari ya plastiki kwa uhakika. Nilikata polepole siku hiyo kuliko kawaida yangu, mkono wa kushoto ulikuwa unagusa kikinga kila baada ya kipande.

Lakini nyota mbili nazifuta, hata moja sitoi, na sababu ni hii ambayo nilikuwa nasita kuisema. Yule kijana alipoutafuta mkanda wangu alimwaga mkebe wa boliti chakavu juu ya meza. Wangu ulikuwemo. Na mingine mitatu. Nikamuuliza hii ya chenso za nani, akasema wenyewe walishazichukua. Nikamuuliza kijana, je, fundi mwenyewe aliwaambia? Hakunijibu, alinyoosha mkono akairudisha mkebeni.

Kama kuna mahali umepeleka chenso karibuni, fungua kifuniko cha pembeni leo, usisubiri siku ya kazi. Ukiona mkanda wa chuma haupo, si kwenye ngoma ya klachi wala ndani ya kifuniko chenyewe, usiiwashe.