Fomu ya mezani au simu: kuandikisha wapiga kura chuoni

Kituo cha ushiriki wa raia katika chuo cha jamii cha Marekani kina njia mbili za kuandikisha wanafunzi: fomu ya karatasi mezani, au usajili wa mtandaoni kwa simu.

Mtandaoni ni dakika chache, na hakuna mwandiko wa kubahatisha. Lakini majimbo mengi hudai leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo, kwa kuwa saini huchukuliwa kwenye kumbukumbu za kitambulisho hicho. Asiye nacho hukwama katikati.

Karatasi humpokea huyo: katika majimbo mengi, tarakimu 4 za mwisho za namba yake ya hifadhi ya jamii (Social Security) hutosha. Ubaya wake ni makosa. Saini husahaulika, sanduku la posta huandikwa penye anwani ya makazi, fomu hulala drooni mpaka tarehe ya mwisho inapita. Kagua kila fomu kabla mwenyewe hajaondoka, ukianzia saini.

Meza itangulie, simu iwe pembeni. Ila kote kuwili ulizeni uraia kwanza. Mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu bila uraia, wakiwemo wakimbizi wanaozungumza Kiswahili, asijaze kabisa: kujiandikisha kimakosa kunaweza kumharibia ombi la uraia, hata kumfukuzisha nchini.