Nimechambua viwanja vidogo vya mpira Uingereza: kabla hujatafuta tiketi ya Arsenal, tazama hii

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo bidhaa tunayoiweka mezani ni tiketi, tiketi ya mechi kwenye viwanja vidogo vya hapa Uingereza, zile timu ambazo huko nyumbani kwenye king'amuzi hujawahi kuziona hata siku moja. Nimeulizwa sana kwenye komenti, hasa na vijana waliokuja juzi juzi kusoma au kufanya kazi za uangalizi wa wazee, kaka nataka niende uwanjani, nimehangaika na tiketi ya Arsenal mpaka nimechoka, nianzie wapi? Jibu langu ni moja na nalisema kwa moyo wote, anzia chini. Nina viwanja vinne vya kuwapitisha, Dulwich, Forest Gate, Lewes na kule Sheffield kwa Hallam, na nitawaambia kila kimoja kinamfaa nani.

Kwanza tuwekane sawa kidogo. Juu kuna Premier League, inafuata Championship, League One, League Two, hapo jumla ni timu 92. Kuanzia daraja la tano kushuka chini ndo wanapaita non-league, na chini huko kuna utitiri wa timu, si unaona FA Cup kila mwaka inaingiza timu zaidi ya 700, raundi za mwanzo kabisa zinapigwa mwezi wa nane huko wakati timu za Premier League zinaingia mwezi wa kwanza. Kwahiyo popote unapoishi nchi hii, hata kama ni mji ambao hata jina lake linakushinda kutamka, kuna timu karibu na wewe na ina uwanja wake na ina watu wanaoipenda.

Afu kuna kitu wengi wa nyumbani hawakijui. Jumamosi kuanzia saa tisa kasorobo alasiri mpaka saa kumi na moja na robo, TV za hapa kwa kawaida haziruhusiwi kuonesha mpira laivu. Yaani wewe uko Mbagala au Kisauni umekaa kibanda umiza unaangalia mechi ya Premier League ya saa tisa ya hapa, huko kwenu ni jioni, na mimi niliyeko London hapa hapa siioni. Katazo hilo ni la tangu miaka ya 1960, mwenyekiti wa Burnley wa enzi hizo, Bob Lord, ndo alilipigania sana, hoja yake ilikuwa kwamba watu wakikaa sebuleni kuangalia timu kubwa basi timu ndogo zitakosa watu getini. Mimi naliunga mkono kabisa katazo hili, manake muda ule ule wa saa tisa ndo viwanja hivi vinapofungua mpira, na ndo muda wa kwenda.

Haya twende Dulwich Hamlet, uwanja unaitwa Champion Hill, kusini mwa London. Unashuka stesheni ya East Dulwich, unatembea dakika chache, uwanja uko nyuma ya Sainsbury's, na ka njia ka kuingilia kamepewa jina la Edgar Kail. Huyu Kail alikuwa mfungaji wao, aliwafungia magoli zaidi ya 400, na mwaka 1929 aliichezea England mechi tatu akiwa mchezaji wa Dulwich, ni mmoja wa wachezaji wa mwisho kabisa kuitwa England wakitokea timu ya non-league. Mpaka leo wanamwimba, mtu aliyecheza miaka karibu mia iliyopita, vijana wa miaka ishirini wanamwimba kama vile jana alifunga. Jezi zao pinki na bluu nzito, na mashabiki wake skafu hizo utaziona kuanzia kwenye treni.

Sasa unapata nini kwa hela yako? Ukifika unasimama unapotaka. Rudia hiyo kichwani, unasimama unapotaka. Hakuna siti namba 114, hakuna mtu wa kukwambia kaa chini, mashabiki wa nyumbani na wa ugenini wamechanganyika tu. Mashabiki wa Dulwich wanajipanga nyuma ya goli ambalo timu yao inalishambulia, afu ikifika mapumziko wote wanachukua vinywaji vyao wanauzunguka uwanja kwenda goli la upande wa pili, manake timu zimebadilishana. Ukiwa katikati ya ule msafara na ngoma inapigwa utajisikia mwenyeji hata kama ndo siku yako ya kwanza.

Na ukaribu. Hapa ndo nataka nikae kidogo. Nenda kasimame pembeni, egemea reli, upande ambao winga wa timu pinzani anacheza. Pale kati yako na mstari kuna hatua chache tu. Unamsikia anavyohema. Unamsikia beki wake wa pembeni akimpigia kelele, "mtu nyuma, mtu nyuma!", unasikia ile sauti kavu ya kiatu kugonga kilinda ugoko, unamwona akijifuta tope kwenye bukta kabla ya kurusha mpira. Mpira ukitoka nje unakuja kwenye mikono yako wewe, unamrudishia, anakwambia asante. Kibendera akinyoosha, unaona na wewe kama ni kweli ofsaidi au la, manake mko mstari mmoja. Mimi nimeangalia mpira kwenye TV tangu utoto lakini kasi ya mchezo, yaani jinsi maamuzi yanavyotakiwa kufanyika haraka, niliielewa pale kwenye reli. Kama umekulia kwenye ndondo, Temeke au pale Kinesi, umesimama mstarini na vumbi linakuingia machoni, unajua nazungumzia nini, tofauti ni kwamba hapa badala ya vumbi kuna baridi.

Champion Hill imepitia mengi pia. Olimpiki ya 1948 ilichezwa mechi hapa, Korea iliifunga Mexico 5-3. Uwanja wa zamani ulikuwa unaingiza watu zaidi ya 20,000, ukavunjwa, wa sasa ulifunguliwa miaka ya 1990 na ni mdogo. Mwaka 2018 klabu ilifungiwa nje ya uwanja wake yenyewe kwenye ugomvi na wenye ardhi, ikaenda kucheza kwa jirani, ikarudi nyumbani mwezi wa 12 mwaka huo huo. Watu walipigania kurudi, mtaa mzima. Ndo maana nikiona foleni ndefu pale getini Jumamosi nafurahi kwa kweli.

Bei. Timu zinapanda na kushuka na bei zinabadilika kila msimu hivo angalia tovuti ya klabu, ila kwa kawaida kwenye madaraja haya ya saba na ya nane unatoa paundi kumi na kitu, ukishuka zaidi unakuta hata chini ya kumi, na watoto wanaingia kwa hela ndogo sana au bure. Linganisha na Premier League ambako hata ile tiketi ya mashabiki wa ugenini iliyowekewa kikomo ni paundi 30, na kuipata ni mpaka uwe na pointi za uaminifu sijui na nini. Chakula ni baga, chipsi na chai, kwa Waislamu wenzangu ulizeni kwanza nyama, pengine si halali, mimi mara nyingi nachukua chipsi na chai maisha yanaendelea. Wanaokunywa bia kuna baa, na huku chini unaweza kushika glasi yako huku unaangalia mechi, kitu ambacho Premier League kimekatazwa kwa sheria ya 1985.

Dulwich inamfaa nani? Mgeni kabisa, mtu anayetaka shangwe, familia. Kasoro yake ni kwamba mechi kubwa kunajaa, kwahiyo nunua tiketi mapema mtandaoni.

Cha pili ni Old Spotted Dog, Forest Gate, mashariki mwa London. Hapa wadau nataka mniskilize vizuri. Uwanja huu umechezewa mpira tangu 1888. Na mwaka 1908 alikuja kijana anaitwa Walter Tull, mtu mweusi, baba yake alitoka Barbados, amelelewa kituo cha watoto yatima, akajiunga na Clapton FC iliyokuwa inacheza hapa. Msimu ule ule wakabeba FA Amateur Cup, kombe la timu za ridhaa, 1909, afu Tottenham wakamchukua. Ni mmoja wa wachezaji weusi wa mwanzo kabisa ligi ya juu ya England. Baadae akawa ofisa kwenye jeshi la Uingereza vita ya kwanza ya dunia, akafia vitani Ufaransa mwaka 1918. Sasa wewe kijana wa Kitanzania au wa Kikenya umekuja hapa unajiuliza kama huu mpira ni wa kwako na wewe, nenda kasimame pale. Tull alipita hapo zaidi ya miaka mia iliyopita.

Saivi wanaocheza pale ni Clapton Community, klabu iliyoanzishwa na mashabiki wenyewe 2018, na mwaka 2020 wakaununua uwanja. Mashabiki, watu wa kawaida, wakachanga wakanunua ardhi ndani ya London! Walisaidiwa sana na jezi yao moja ya ugenini yenye rangi nyekundu, njano na zambarau za Jamhuri ya Hispania ya zamani, Wahispania waliinunua kwa maelfu. Kiwango cha mpira ni cha chini kuliko Dulwich, hilo nawaambia ukweli, pasi zinapotea, kipa anapiga mipira mirefu. Ila moyo uko pale. Na ukitoka unashuka Green Street unapata biriani ya maana, ni halali, na bei ni ya kibinadamu.

Wengi mmeniuliza faragha, je ni salama kwa mtu mweusi? Mimi nawajibu kwa nilichokiona, kwenye viwanja hivi vinne nimepokelewa vizuri, na Dulwich na Clapton utakuta mabango ya kupinga ubaguzi yamefungwa kwenye reli na mashabiki wenyewe. Siwezi kusema nchi nzima iko hivo. Ukisikia neno baya mwambie stiwadi, yule msimamizi wa uwanjani, hapo hapo, usikae nalo.

Lewes sasa. Hii ni safari, treni kutoka London Victoria kama saa moja hivi, lakini ukishuka uwanja uko pale pale dakika chache kwa miguu. Unaitwa Dripping Pan na umechimbwa ndani kama sufuria, unasimama juu ya tuta la majani unaangalia chini, na kwa mbali unaona vilima vyeupe vya chokaa. Kwa macho ndo uwanja mzuri kuliko vyote nilivyovitaja leo, sina mjadala. Wana vibanda vya mbao kama vile vya ufukweni, wamevigeuza kuwa siti za VIP. Klabu inamilikiwa na mashabiki asilimia mia, na 2017 walitangaza wanaume na wanawake watapewa bajeti sawa ya mishahara, walikuwa wa kwanza kufanya hivo. Na matokeo yameonekana, 2023 wanawake wao walifika robo fainali ya FA Cup wakaicheza Manchester United hapo hapo kwenye tuta, wakafungwa 3-1 lakini walipata goli lao. Kama una binti anapenda mpira mpeleke mechi ya wanawake Lewes. Kasoro ni upepo, na sehemu kubwa haina paa, na lile tuta likilowa linateleza, vaa buti.

Hallam nitaipitia haraka manake ukifika utaelewa mwenyewe. Sandygate, Sheffield, kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kinautambua kama uwanja wa mpira mkongwe kuliko wote duniani, mechi ya kwanza ilipigwa tarehe 26 Desemba 1860, Hallam na Sheffield FC, wageni wakashinda 2-0. Uwanja umeinama, kona moja iko juu kona nyingine iko chini, na ni kweli mpira unaviringika wenyewe. Kutoka London kwa ajili ya uwanja huu tu sikushauri, hela ya treni ni kubwa, ila kama unaishi Sheffield, Leeds au Manchester huna sababu ya kutokwenda. Na huko huko Sheffield pembeni kuna Stocksbridge, alipoanzia Jamie Vardy akilipwa paundi 30 kwa wiki, 2016 akabeba ubingwa na Leicester. Ian Wright, yule straika wa zamani wa Arsenal, naye Crystal Palace walimtoa timu ndogo ya Greenwich Borough. Kwahiyo yule straika unayemwona leo mbele yako anatoka kazini kubeba matofali, mwangalie vizuri.

Mambo ya kuzingatia kabla hujatoka nyumbani. Mvua ikinyesha sana mechi inaahirishwa, wakati mwingine asubuhi ile ile, kwahiyo angalia ukurasa wa klabu mtandaoni kabla ya kukata tiketi ya treni. Vaa soksi mbili kuanzia mwezi wa 11. Nunua kale kajarida ka mechi kama kapo, utakutana na wazee wenye madaftari wanaandika vikosi kwa penseli, wanazunguka nchi nzima uwanja mmoja baada ya mwingine, kaa nao, ulizia, watakupa historia ambayo huipati popote. Na kuna Non-League Day, ilianza 2010, inawekwa wikiendi ambayo ligi kubwa zimesimama kupisha timu za taifa, klabu nyingi zinashusha bei siku hiyo.

Maksi zangu, Dulwich 9 kati ya 10, Lewes 9, Old Spotted Dog 8 kwa mpira na 10 kwa historia, Hallam 8. Video ijayo nataka kwenda Crosby, karibu na Liverpool, kwa timu ndogo ya Marine, wale waliomleta Mourinho na Tottenham kwenye uwanja uliopakana na bustani za nyumba za watu mwaka 2021. Walio Liverpool andikeni hapo chini kama mtakuja, tukutane getini saa nane mchana.