iconv: uzoefu wangu na majina yenye ĩ na ũ

Kama kazi yako ni majina ya watu, na majina yenyewe yana ĩ au ũ, iconv ni programu ya kuwa nayo: hubadilisha usimbaji wa faili, yaani namna herufi zinavyohifadhiwa kwa namba ndani ya kompyuta. Mimi nachapa vijitabu vya mazishi na kadi za harusi hapa River Road, Nairobi, na wateja huniletea maandishi kwa flashi. Mara nyingi faili ikifunguka, Mũthoni amekuwa MÅ©thoni. Jina la marehemu litasomwa na ukoo mzima kanisani. Halifai kuchapwa hivyo.

Katika UTF-8, usimbaji unaobeba herufi za lugha zote, ũ huhifadhiwa kwa baiti mbili (namba ndogo za kompyuta), C5 na A9. Programu inayodhani faili ni ya Windows-1252, usimbaji wa zamani wa Windows wenye baiti moja kwa kila herufi, huisoma kila baiti kama herufi kamili, ndipo zinapotokea Å na ©. Mtu akishahifadhi faili upya ikiwa hivyo, uharibifu umeingia ndani, na kubadilisha fonti hakusaidii kitu, ingawa ndilo jambo ambalo wengi hukimbilia.

Dawa yangu ni kuirudisha faili kwa njia ile ile iliyojia, kwa amri hii ninayoiandika kwenye dirisha la amri (terminal):

iconv -f UTF-8 -t WINDOWS-1252 mbovu.txt > safi.txt

Baada ya -f unataja usimbaji wa faili ilivyo sasa, na baada ya -t ule unaoutaka. Amri yaonekana kama imepinduliwa, maana tunachotafuta ni UTF-8. Lakini Å ikirudi kuwa baiti moja ni C5, na © ni A9, na hizo mbili zikikaa pamoja ndiyo ũ. Fungua safi.txt kama UTF-8, utamkuta Mũthoni mzima. Mimi hufurahi kila ninapoliona. Ila usiipe faili mpya jina la ile ya zamani: alama ya > huifuta kabla iconv haijasoma chochote.

Ninachoipendea zaidi ni kwamba inakataa. Ikikutana na herufi isiyo na nafasi katika usimbaji uliouomba, husimama na kukutajia mahali. Wapo wanaoongeza -c ili iendelee tu. Kwenye majina, tafadhali usifanye hivyo: ũ haimo katika Windows-1252, kwa hiyo itaangushwa kimyakimya na utachapa Mthoni.

Upungufu upo. Haikisii usimbaji wa faili. Lazima uujue wewe. Kwenye Linux na Mac unaikuta tayari, kwenye Windows utahangaika kidogo kuiweka. Hata hivyo ni ya bure na haihitaji intaneti, nami siwezi kupakia kwenye tovuti nisiyoijua faili yenye majina na namba za simu za familia iliyofiwa.

Na pale ũ ilipokwisha kugeuzwa alama ya kuuliza, iconv haina la kufanya, kwa kuwa herufi yenyewe haimo tena kwenye faili. Hapo nampigia mteja simu, tunapitia majina moja baada ya jingine.